Sauti ya Baba Mkwe

Miaka ya tisini nilifundisha katika kijiji cha Karurumo, nikiwa msomi wa chuo kikuu niliyejiona nina masikio kushinda kijiji kizima. Mwalimu mgeni kutoka Norwe aliniazima kaseti ya bendi isiyojulikana hata kwao: magitaa kama dhoruba, mtu akibweka, na katikati filimbi za wachungaji, zenye huzuni kama ukungu wetu wa Julai. Nilitaka nakala. Kabatini mwa mke wangu nikapata kaseti isiyo na jina. Vipande vya plastiki vya ukingoni vilikuwa vimevunjwa makusudi ili isifutwe. Nikaziba matundu kwa karatasi, nikarekodi.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe aliomba waombolezaji wasikie kaseti ambamo mzee aliwabariki wajukuu. Mke wangu akaileta. Ikatoka mibweko.

“Mwalimu, hiyo ni redio ama ni mbwa?” shemeji akauliza. Watu wakacheka.

Mama mkwe alisogeza kiti, akatega sikio. “Nyamazeni. Mzee hukohoa kwanza, halafu anaongea.”

Filimbi zikaanza. Bado alingoja. Nikainuka, nikazima redio.

“Mama,” nikasema, “hataongea. Nilimfuta.”