Zamu Yangu ya Kupiga

Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakusanyika Nakwa, kwa rafiki yetu mmoja mwalimu, kucheza mchezo wa mezani aliojifunza akiwa chuoni. Yeye anasimulia: mmeingia pangoni, jitu limesimama mbele yenu, mnafanyaje? Sisi tunajibu, tunarusha dadu, dadu inaamua. Uhai wa kila mmoja ni rundo la maharage. Ukipigwa, unapunguziwa.

Mdogo wangu wa kiume alichagua upanga. Mimi nikapewa uponyaji, na wala hakuna aliyeniuliza. "Dada atatibu," alisema mdogo wangu, na wote wakaona sawa tu, maana hata nyumbani Singe muuguzi ni mimi. Baba amepooza upande mmoja. Mimi ndiye ninayemlisha na kumgeuza kitandani, na cherehani yangu pale sokoni imefunikwa turubai tangu augue. Wateja wameshazoea kwenda kwa wengine. Mdogo wangu analala chumba cha pili, mzima kama jiwe, anasema hajui kumshika mgonjwa.

Sasa, kwenye mapigano uponyaji una hasara yake. Kila mtu ana zamu moja, na ukiitumia kutibu, hupigi. Nikimgusa mdogo wangu anarudishiwa maharage matatu; zamu ya jitu ikifika linamnyang'anya matano. Namtibu tena. Ni kujaza ndoo iliyotoboka, na jitu lenyewe bado limesimama.

"Niponye, dada," anasema, ameegemea kiti anatafuna karanga. Ilikuwa inanikera mpaka kichwa kinauma.

Siku moja mwalimu akanieleza kwamba maharage yakiisha mtu hafi papo hapo. Anaanguka, na tiba ndogo tu inamwinua akapigana kama kawaida. Kwa hiyo wajuzi hawatibu kila mkwaruzo. Wanapiga, wanamsubiri wa kuanguka. Niliwaza jambo hilo wiki nzima nikimkorogea baba uji. Baba huwezi kumsubiri aanguke, mwili wa mtu si maharage. Lakini mdogo wangu hakuwa mgonjwa, na zamu zangu zote zilikuwa zinaishia kwake.

Jumapili iliyofuata akasema tena, "Niponye, dada."

"Sikuponyi. Napiga."

Alinitazama kama nimemtukana. Nikarusha dadu, jitu likaanguka. Yeye alikuwa amebakiwa na harage moja.

"Ungeniua," akasema.

"Mbona hujafa?"

Tukarudi Singe. Jioni tumekaa sebuleni, baba akaniita kutoka chumbani, anataka kugeuzwa. Sikuinuka.

"Nenda wewe," nikamwambia mdogo wangu. "Kesho nafunua cherehani."

"Mimi sijui."

"Baba anajua. Muulize."

Aliinuka, akaingia chumbani. Nikasikia sauti ya baba, ile nzito ya tangu augue, maneno yakitoka moja moja: "Shika bega. Siyo hilo, hilo linauma. Sasa nyonga. Polepole, mwanangu."

Kitanda kikalia. Mdogo wangu akaomba samahani, akaanza upya. Miguu yangu ilitaka kwenda, nikaizuia, na machozi yakanitoka nikayaacha yatoke. Kisha nikamsikia baba akimwambia, "Haya, kesho utaweza."