Mbegu Isiyorudiwa

Mama alikuwa akinisindikiza kliniki ya selimundu tangu nikiwa mgongoni mwake. Hata nilipokuwa mtu mzima, fundi cherehani wa mapazia ya hoteli za watalii hapa Karatu mjini, alikuja kutoka kijijini Qurus kila tarehe yangu, na sweta la ziada kwenye mfuko. Baridi ndiyo huniamshia maumivu, na hakuniamini kwamba ninaweza kuvaa mwenyewe.

Siku moja alikuja daktari mgeni. Alituambia wagonjwa wote kuna tiba mpya: damu ya mgonjwa inachukuliwa, vinasaba vyake vinahaririwa, kisha anarudishiwa. Ilikuwa bado utafiti, lakini wenye nia waandikishe majina. Nesi alipoona tumekodoa macho akaturahisishia.

"Wanabadilisha mbegu ya damu."

Mama alisimama, akakaza kitenge.

"Samahani daktari. Hiyo mbegu inarudiwa?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, daktari naye akacheka. Kwetu, mbegu inayorudiwa ni ile unayovuna, ukaitundika juu ya jiko, ukaipanda tena msimu ujao. Ile ya dukani ukiirudia, unaambulia magunzi. Nilijua kabisa anauliza nini: kama nitazaa. Lakini niliona aibu kuwa binti wa mama anayeongea mambo ya mahindi mbele ya daktari, nikacheka na wenzangu.

Tulitoka. Karibu na sokoni akanipa lile sweta.

"Na wewe umecheka."

"Mama, ile ni damu, si shamba."

"Sawa. Mwili ni wako, kajiandikishe."

Nikajiandikisha. Baada ya hapo hakunisindikiza tena. Alipiga simu kuuliza kama nimekula, basi. Mimi ni mkaidi, nilingoja yeye aanze. Masika yalipoingia presha ikamchukua, tukamzika, na hatukuwahi kulizungumza.

Mwezi uliopita niliitwa kliniki. Nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye benchi lilelile, mfuko mapajani, na sweta nimelisahau nyumbani. Nesi yule yule alinisomea fomu taratibu, ukurasa kwa ukurasa, na sina ugomvi naye kwa hilo. Kabla ya kurudishiwa damu, alisoma, mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na dawa hizo zinaweza kuharibu mayai, asizae tena. Zipo njia za kuhifadhi mayai mapema, ila hapa kwetu bado ni ngumu kuzipata.

Niliweka kidole kwenye mstari ule.

"Mbona siku ile hamkusema?"

"Ilikuwa utangulizi tu, dada. Halafu hakuna aliyeuliza."

"Mama yangu aliuliza."

Akanitazama. Niliona anatafuta kichwani, hapati.

"Mama yupi?"

"Yule mliyemcheka," nikasema. "Tuliyemcheka."

Alifunika kalamu yake. Akaniambia nikafikirie, hakuna haraka, nirudi na ndugu wa karibu tuijadili pamoja, maana chini kabisa pana nafasi ya shahidi kutia sahihi.

Fomu iko chini ya cherehani. Ninaitaka tiba, nimechoka kuumwa, na mtoto pia ninamtaka. Jana nilichukua simu nimpigie Mama nimwambie jibu la swali lake. Nililitafuta jina lake, nikalipata, kisha nikakumbuka.