Mwaka Tuliokula Ngazini

Katika siku zote ninazozikumbuka, mwanangu, ipo moja ambayo mpangaji wetu Mutua alinisimamisha mlangoni kunishukuru kwa biriani ambayo sikumpa. Nilikuwa natoka kutupa taka. Yeye alikuwa amesimama mbele ya chumba chake cha chini, barakoa imemning'inia kidevuni, tumbo limetangulia.

"Mzee Athmani," akaniambia, "Mungu awabariki sana. Hii chakula ya kwenu imefanya suruali zangu zote zikatae kufunga."

Nikaitazama suruali. Kweli, kishikizo cha juu kilikuwa kimekata tamaa.

"Chakula gani, Mutua?"

"Si hii mnanishushia na kikapu kila saa saba! Juzi samaki wa nazi, jana biriani. Kwetu Kitui hata kwa harusi sijawahi kula hivi."

Chakula hicho kilikuwa cha mama yangu.

Utauliza ilikuwaje, na una haki ya kuuliza. Nami nitakwambia, ingawa kisa hiki hakinipambi. Wazee wengi wakitoa nasaha huchagua kosa la ujanani, la zamani sana, ambalo sasa hata wao wanaweza kulicheka. Mimi kosa langu nililifanya nina miaka sitini na moja na kichwa kizima cha mvi. Lakini mbele ya mama mtu hazeeki, mwanangu, na ujinga wangu wa mwaka ule wa korona ulikuwa wa kijana kabisa. Nakusimulia wewe, ninayekuita mwanangu ingawa hukuzaliwa kwangu, kwa sababu ya maneno uliyoniambia juzi. Nitayafikia, usinikimbize.

Nyumba yetu unaijua, hapo Mji wa Kale, nyembamba na ndefu. Chini kuna chumba cha Mutua, anayefanya kazi reli. Katikati tunakaa sisi. Na juu kabisa ni kwa Mama. Kutoka kwetu kwenda kwake kuna ngazi ya mbao yenye vidato kumi na vitatu, iliyosimama wima hivi kwamba wageni huishuka kinyumenyume. Mama wakati ule alikuwa na miaka themanini na minne, na hakuwa akishuka tena. Sisi ndio tuliokuwa tukipanda.

Tulikuwa tukipanda kila mchana na sinia. Tangu nizaliwe, chakula cha mchana nyumbani kwetu ni sinia moja, limewekwa kwenye mkeka wa Mama, sote tumelizunguka. Mama ndiye anayemnyambua samaki. Humtoa miba kwa vidole, kisha humsogezea kila mtu kipande upande wake wa wali. Huyu mnofu wa mgongo, yule wa tumbo, mimi shavu la kichwa kwa sababu anajua nalipenda. Yeye hula hapo hapo katikati ya kugawa, tonge moja kwake, kipande kimoja kwako. Sahani ya peke yake sijapata kumuona nayo. Kwetu sahani ilikuwa ya mtu mgonjwa.

Basi korona ikaingia, joto la kaskazi bado halijaisha. Misikiti ikafungwa, shule zikafungwa, baraza tunazokaa kunywa kahawa zikabaki za paka. Binti yangu Rahma, ambaye ni mwalimu, akahamia kwetu kutoka Buxton na watoto wake wawili, Nasra na Hamidi, mumewe akiwa amekwama kazini Malindi. Na mimi, niliyekuwa nimestaafu ukarani wa bandarini miezi michache tu, nikaona hatimaye nimepata ofisi.

Nilitoa sheria, mwanangu! Nilichukua boksi la majani ya chai, nikalikata, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kazini: kunawa mikono kwa sabuni, viatu nje, limau na tangawizi asubuhi na jioni. Ndoo ya bomba nikaiweka mlangoni. Ukinipita bila kunawa nakuita kwa jina lako na la baba yako. Mke wangu Mwanaisha aliniacha wiki nzima, kisha akaniambia, "Bwana, hii ni nyumba, si meli. Usitukague."

Sheria ya mwisho, niliyoipigia mstari mara mbili, ilikuwa hii: hakuna wa kupanda kwa Mama. Chakula chake kitapelekwa na Mwanaisha peke yake, na barakoa, kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Ataiweka kwenye kigoda mlangoni, atabisha, atashuka. Tulikuwa tumesikia jinsi maradhi yale yanavyowafanya wazee, na mimi nilikuwa na hofu. Sikuwa nalala vizuri. Nilimpenda mama yangu, na sheria hiyo niliitunga kwa mapenzi. Usiisahau sehemu hiyo, maana ndipo kosa lilipojificha.

Huku kwetu katikati, acha nikwambie ukweli, kulikuwa na raha ambayo sijapata kuionja tena. Miaka yote ya bandarini sikujua nyumba yangu inafananaje saa nne asubuhi. Nilijifunza kukuna nazi, nikajikuna na vidole. Rahma alininyoa nywele kwa mkasi wa kukatia mboga, na Hamidi aliponiona alicheka mpaka akajikojolea. Mchana tulicheza keram sakafuni, Mwanaisha akitufunga sote huku akisingizia kuwa hajui. Kicheko kilikuwa kikipanda ngazi ile chote. Sikufikiria kinamkuta nani huko juu.

Sahani za Mama zilirudi safi. Hata punje ya wali haikubaki. Nilikuwa nikiziangalia kwa fahari, kama mtu aliyepokea barua njema. Lakini baada ya wiki tatu Mwanaisha akaniita jikoni.

"Athmani, Mama amepungua."

"Atapunguaje? Si unaziona sahani?"

"Sahani naziona. Na bangili nimeziona pia. Zinateleza mpaka kwenye kiwiko."

Nikamuita Mama kutoka chini ya ngazi. Akachungulia. Mwanangu, uso wa mama yangu ulikuwa umebaki macho.

Nikafanya nililolijua. Nikaamuru vyakula vizuri zaidi. Samaki wa kupaka, biriani ya mbuzi, kaimati, mkate wa sinia wenye iliki. Mwanaisha alipika mpaka moshi ukamtoa machozi. Sahani zikarudi safi, na Mama akazidi kukonda. Nikampigia simu daktari mmoja ninayemfahamu. Akasikiliza, akasema mtu wa umri ule akila vizuri hivyo na bado anaisha, basi huenda ana ugonjwa mkubwa ndani. Nimpeleke hospitali kesho yake.

Hospitali! Pahali pale pale nilipokuwa nikimficha napo. Nilikaa kitandani, nimeshika tama. Nilijua nikimpeleka huenda wasituruhusu hata kumuona, na nisipompeleka ataniishia mbele ya macho. Ndipo nikasema nitoke nikatupe taka, nipate pumzi kidogo. Na ndipo Mutua akanishukuru.

Kile kikapu ninakijua tangu utotoni. Mama hukiteremsha dirishani kwa kamba wachuuzi wakipita, aliyeuza ndizi akatia ndizi, aliyeuza mchicha akatia mchicha. Sikuwa nimefikiria kwamba kinaweza kuteremka kikiwa kimejaa.

Nilivua viatu, nikanawa mikono yangu kwa mujibu wa sheria zangu, nikavaa barakoa, nikapanda. Nilikaa kidato cha tatu kutoka juu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, mlango wazi, tasbihi mkononi. Sahani ya mchana ilikuwa kwenye kigoda, bado imefunikwa, na kikapu kiko kando yake, kinangoja.

"Umekuya," akasema. "Mutua kasema, sivyo? Ana mdomo yule."

"Mama, kwa nini huli? Watuua."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa nikirudi na shati limechanika.

"Athmani, mimi ni mgonjwa?"

"La, Mama."

"Basi hini sahani ya nini?"

Nikaanza kumweleza maradhi, umri, mambo ya kusogeleana. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Maradhi nayasikia, redio n'nayo. Sikutaka mun'kumbatie. Mimi nikitia mkono kwenye wali, naangalia huku na huku, nimsogezee nani kipande? Hapana mtu. Mkono warudi chini wenyewe. Hilo tonge halipandi, mwanangu, hata ulitie asali. Nanyi huko chini nawasikia mwacheka." Akaisukuma sahani kidogo. "Na kumwaga chakula ni dhambi. Yule kijana mamake yuko mbali. Nikamwambia moyoni mwangu, kula wewe."

Nilikuwa nimemfungia mama yangu nje ya maradhi, nikamfungia nje ya watu wake pia, na kwa ujanja wangu wote wa karani sikuwa nimeona kuwa hayo ni mambo mawili tofauti. Nililia pale ngazini. Sioni haya kukwambia.

Yeye aliniacha nilie kwa muda wa kutosha, kisha akasema, "Ngazi hini ina vidato vingapi?"

"Kumi na vitatu."

"Watu wa nyumba hini?"

"Sita, Mama, pamoja nawe."

"Saba. Yule wa chini wamuacha na nani? Haya, hesabu, karani."

Nikahesabu. Mama akae juu mlangoni kwake. Vidato viwili vya kwanza viwe vitupu. Kisha mtu, kidato kitupu, mtu, kidato kitupu, mpaka chini. Ilitimia, mwanangu! Watu sita, vidato kumi na vitatu, hakikuzidi hata kimoja. Sijapata hesabu tamu kama ile hata siku moja bandarini.

Kesho yake hatukwenda hospitali. Saa saba Mwanaisha alipandisha sinia lote, wali na samaki wa kupaka, akaliweka mbele ya Mama na sahani zetu tupu kando, akarudi kwenye kidato chake. Milango yote ilikuwa wazi na upepo ulikuwa ukipanda kutoka barabarani. Mutua alikaa wa mwisho chini, amevaa shati la kanisani, amenyooka kama yuko kwenye picha. Mama alinawa, akamnyambua samaki, akapakua kwa upawa sahani moja moja, na kila mmoja akaja kuchukua yake. Nilipokwisha kukaa nikaona sahani yangu haina shavu la kichwa. Kabla sijalalamika, Mama akalirusha.

Lilinikosa sahani, likatua juu ya kofia yangu.

Nyumba nzima ilipasuka. Rahma aliinamia magoti yake, Hamidi akajigaragaza kidatoni mpaka Nasra akamshika asianguke, na Mutua, asiyejua kama inaruhusiwa kumcheka baba mwenye nyumba, akavumilia, akavumilia, kisha akaachia. Nikainua macho. Mama alikuwa akicheka mdomo wazi, meno yake manne yote nje, na katikati ya kicheko mkono wake ukaingia kwenye wali, ukafinyanga tonge, ukapanda. Nikaliona likiingia. Nikaona la pili. Nikashika leso nikisingizia pilipili.

Tulikula ngazini miezi yote ile. Zamu ya Mutua ilipofika alipika muthokoi, mahindi yao ya kukoboa na maharagwe. Mama akaonja, akafikiri, akasema, "Chataka nazi." Mutua akaenda akatia nazi, na mpaka leo akienda Kitui likizo hubeba nazi, mamake anazitaka. Bangili za Mama zilirudi kwenye kifundo cha mkono wiki kwa wiki. Maradhi yalipopungua nilitaka turudi kwenye mkeka. Mama akakubali, ila Ijumaa akasema ni ya ngazi, na Ijumaa imekuwa ya ngazi mpaka hivi leo, yeye akiwa na miaka tisini.

Sasa nimefika kwenye maneno yako ya juzi. Uliniambia mama yako kule Tudor hakosi kitu, kila mchana bodaboda humpelekea chakula cha hoteli nzuri, na hujaelewa kwa nini sauti yake kwenye simu imekuwa ndogo. Sikukujibu siku ile. Jibu langu ndilo hili lote. Mzazi hashibi kwa anacholetewa, mwanangu, anashiba kwa anachokupa. Mama yako amekaa na sahani imejaa na hana wa kumsogezea kipande. Usimtumie chakula kizuri zaidi, kama nilivyofanya mimi. Nenda na njaa yako. Kaa mbele yake, hata kama ni mbali kidogo, hata kama una haraka, umuache akuchagulie mnofu. Ukiwa na hofu juu yake, muulize yeye namna ya kumlinda, maana huenda ameshahesabu vidato vyote kabla yako.

Unamsikia? Huyo ni Mama, anagonga sakafu kwa bakora. Leo Ijumaa, samaki anapoa. Kanawe mikono, kidato cha Hamidi ni kitupu leo, utakaa hapo.

Mola akuwekee mkono wa kukusogezea kipande miaka mingi, akupe na njaa ya kukipokea. Na siku mkono huo utakapokuwa ni wako, mwanangu, asikukoseshe wa kumrushia.