Niliwafundisha Wenzangu Kutoogopa, Mimi Nikabaki Kulinda Mitumbwi

Jina langu libaki huko huko mlikoipokea barua hii, maana akida wa Wadachi wa huku anajua kusoma, ingawa kwa kidole. Mimi ni mwanamume wa Ifakara, miaka thelathini na kitu. Mama anasema nilizaliwa mwaka ule mto Lumemo ulipoingia jikoni kwake. Nimebeba pembe mpaka Kilwa mara tatu, nimekula tende, nimelala nyumba ya mawe, na katika bonde hili zima hajazaliwa wa kunishinda kuchekesha watu. Sasa ni mwalimu wa dini, nina mke, watoto wawili na kanzu moja. Nawaandikia kwa sababu nauchukia mdomo wangu. Unanuka.

Padre wetu kifua kimemkamata, sauti hana. Aliniita kitandani akaninong'oneza, "Pasaka utahubiri wewe. Watu wamekata tamaa. Wape imani, wape ujasiri." Nikamjibu, "Padre, hapo umempata mwenyewe." Ndivyo nilivyo, nakubali kabla sijaulizwa.

Kama hamjui hali ya huku: vita vya maji vimekwisha, lakini askari walichoma vihenge na mpunga ukiwa ndani. Tunakula ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Usipokiloweka mtoni siku kadhaa kinakuua. Watoto wamevimba miguu. Wako watu wazima wameacha hata kuloweka, wanakula hivyo hivyo, yaishe. Akida yeye ananenepa. Kanisani huja na kiti chake kimebebwa na mtu mkavu kama ubua, anakaa mlangoni akichokoa kuku kwenye meno mbele ya wenye njaa. Aliposikia habari za Pasaka akaniambia, "Vizuri sana, mwalimu. Wahubirie uvumilivu. Mtu mvumilivu hulima barabara ya serikali bila kelele." Akacheka, akanipigapiga bega kwa mkono wenye mafuta. Na mimi nikacheka naye! Nilipofika nyumbani nilisugua bega kwa mchanga mpaka likachubuka.

Kuandika mahubiri mazima siwezi, herufi zangu ziliishia njiani; hata barua hii naichonga neno moja moja, siku ya ngapi sasa. Mimi hufunga mafundo kwenye kamba ya ukindu, kila fundo neno lake, nikisimama nayapapasa. Safari hii nilifunga la kwanza, kichekesho. La pili, wale vijana watatu wa Biblia ndani ya tanuru, wasiungue. La tatu, Petro anatoka chomboni anakanyaga maji. La nne liwe ujasiri wenyewe. Kabla ya kulifunga nikaenda kuyajaribu kwa Mama Tekla, mjane wa mdogo wangu, kwa sababu yule hamsifii mtu bure.

Nilimkuta anakata ndiga.

"Shikamoo, shemeji," akaniamkia.

"Marahaba. Kaa vizuri, leo utalia."

"Machozi yanataka mtu aliyeshiba. Haya, sema."

Fundo la kwanza akacheka. La pili akatikisa kichwa. La tatu nikapanda sauti, nikapiga paja: "Petro hakuogopa! Kwa nini? Aliamini! Ukiamini maji hayakuzamishi, moto haukuunguzi, risasi haikupati!"

Kisu chake kikasimama. Petro na risasi wapi na wapi? Lilinitoka tu, kwa mazoea.

"Shemeji," akasema polepole, "maneno haya Baba Tekla aliyasema asubuhi ile anaondoka. Hivyo hivyo, hata kupiga paja. Mpaka leo sijui nani alimjaza."

Mimi ndiye niliyemjaza.

Mganga wa ile dawa ya kuzuia risasi alipopita huku aliusikia mdomo wangu, akanipa kipande cha mwanzi chenye maji niwanyunyizie vijana, kwa siri porini, wanawake wasijue, kutoka hapa mpaka Kisawasawa. Kuamini, sikuamini sana. Lakini watu walikaa kimya kunisikiliza, na kwangu hiyo ni pombe. Mdogo wangu nilimnyunyizia kwa mkono huu unaoandika. Nikamwambia, "Risasi ya Mdachi itakudondokea kama manyunyu, utajifuta uendelee." Akacheka, wote wakacheka, wakapanda kwenda kwenye boma la Mahenge wakicheka. Mimi nikasema nimechomwa na mwiba, nikabaki mtoni kulinda mitumbwi tuliyovukia. Mwiba haukuwepo. Katika niliowanyunyizia hakurudi hata mmoja.

Ndipo nikakimbilia kwa padre wetu huyu, akanifundisha herufi, nikabatizwa. Nilimwungamia pombe na wanawake. Habari za mwanzi nikazimeza. Na Mama Tekla kila akipika hunipakulia mimi kwanza, kabla ya mtoto, eti ni mwalimu. Nami nakula!

Siku ile alipomaliza kukata ndiga akaniambia, "Pasaka nitakaa mbele kabisa, shemeji. Nataka nisikie hayo maneno yanaishia wapi. Baba Tekla hakuniambia mwisho wake."

Nikihubiri nilivyopanga, nitakuwa nawanyunyizia tena, tofauti ni kanzu. Nikikataa, padre atajikokota mwenyewe madhabahuni, na kifua kile hakitamrudisha kitandani. Na watu kweli wanahitaji moyo, wasije wakafa na ndiga mbichi mkononi. Nikisema mbele yao kwamba ni mimi, akida yuko mlangoni, na kamba yake haina mafundo manne, ina moja tu, la shingoni. Nikimwambia Mama Tekla peke yake, nitamtazamaje akinipakulia? Au ataacha kunipakulia, na Mungu anisamehe, tumbo langu limeshalifikiria hilo.

Fundo la tatu nimelifungua. La nne sijalifunga. Padre aliniambia niwape watu ujasiri, na mimi nimepekua maisha yangu yote, Kilwa na kurudi, sijaona siku niliyokuwa nao. Wasomaji, msinitukane sana, nimeshajitukana. Pasaka bado mwezi na siku chache, na Mama Tekla ameshafua kaniki atakayovaa. Nishaurini, nifanye nini?