Tarehe Niliyoifuta

Kazi yangu ni kupanga ratiba za ujenzi, na nshachoka nayo. Nasema mapema asije mtu akadhani naisifia. Nakaa kwenye chumba kimoja cha Mji Mkongwe, feni inalia juu ya kichwa, nawauliza watu wazima na akili zao watamaliza lini.

Mwaka ule tulikuwa na nyumba moja ya zamani ya kukarabati, boriti zimeoza, paa linavuja. Ndani yake akiishi bibi mmoja mjane, kazaliwa humo, kaolewa humo, kazaa humo. Ilibidi ahame ndipo kazi ianze, na binti yake akamchukua kwake Michenzani, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Siku ya kuhama nilikwenda na mimi. Alipanda akipumzika kila ghorofa, mkono kwenye bega langu, na tulipofika juu akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki kitu kwenu. Nataka nikifa nitolewe kwangu. Jeneza langu lipite mlango wangu. Basi."

"Kabla ya Ramadhani utakuwa umesharudi, Bi Mkubwa," nikamwambia. Sikumdanganya, tarehe ilikuwemo kwenye programu yangu ya kompyuta.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni haya. Mkishakubaliana tarehe zote, unaihifadhi ile ratiba kama ilivyo, iwe ratiba ya msingi. Chini ya kila kazi panabaki mstari wa kijivu: hivi ndivyo tulivyoahidi. Juu yake unakwenda mstari wa buluu, yale yanayotokea kweli. Wa buluu ukiupita wa kijivu, mmechelewa, na programu inakuhesabia siku kwa rangi nyekundu, bila kukuonea haya.

Bibi keshahama, kwenye kikao cha kupitisha tarehe, mbele ya wafadhili, bosi alimuuliza fundi mkuu kama wiki tatu zinatosha kwa chokaa. Fundi ni mzee, sote tunampa shikamoo. Akasema zinatosha, nami nikahifadhi. Wakati wa chai akanivuta pembeni.

"Mwanangu, chokaa ile hata kuzimwa haijazimwa. Izimwe kwa maji, ilale shimoni, si chini ya miezi mitatu. Sikutaka kumvunjia bosi wako heshima mbele ya wageni."

Mtu mwengine angerudi palepale akasema. Mimi nilimtazama yule mzee na kikombe chake mkononi, nikaona nikifungua mdomo nitamuaibisha yeye na bosi kwa pamoja. Nikanyamaza. Ndivyo tulivyolelewa, na siku nyengine naona tulilelewa vibaya.

Chokaa ikalala shimoni kama alivyosema, na mstari wa buluu ukaanza kuukimbia wa kijivu. Bosi akaja akainama juu ya bega langu.

"Alaa! Hizi nyekundu za nini? Wafadhili wanataka ripoti kesho. Hebu hifadhi upya."

Nikamwambia tukihifadhi juu ya ile ya mwanzo, ya mwanzo inapotea.

"Ipotee! Nani anaitaka?"

Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Kuchelewa: siku sifuri. Tulifanya hivyo mara tatu, na hiyo ya tatu hakuniamrisha mtu. Nilifanya mwenyewe, nimechoka kuulizwa.

Kila Ijumaa nilipita Michenzani. Bibi hakushuka tena tangu siku ile aliyopanda, magoti yalikataa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nyumba yangu haijambo?"

"Haijambo. Tunakwenda na ratiba."

Na wallahi ripoti ndivyo ilivyosema. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Sikukuu ya Idi nikamjibu vilevile, akanitazama sana. "Hiyo ratiba mnakwenda nayo wapi," akasema, "mbona mie nipo papa hapa?" Tukacheka sote wawili. Kisha yeye akaacha kucheka, akageukia dirishani.

Akafa mwezi uliofuata. Mlango wake ulikuwa umeng'olewa, uko karakana unapigwa msasa. Nilikaa ndani na wanawake wenzangu, tukisikia wanaume wanavyoliteremsha jeneza. Kila kona ya ngazi wanasimama: "Polepole! Inueni upande huo!" Ghorofa tano nzima. Nililia mpaka nikaona haya, maana nililia kuliko wafiwa.

Siku ya tatu, baada ya hitima, binti yake akaja kukaa karibu yangu. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nataka kujua tu," akasema. "Mama alikuwa kila siku akihesabu kwa vidole, akinambia siku zenu zishapita zamani. Nami nikimwambia sivyo, wewe unasema mnakwenda na ratiba. Hasa mlichelewa siku ngapi?"

Nilitaka kumjibu, Mungu ni shahidi. Lakini pahala pekee palipokuwa na hesabu ile nilikuwa nimepafuta kwa mkono wangu.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, akaukunjakunja ukingo wa kanga yake.

"Basi alikuwa na akili zake timamu," akasema. "Na mimi mpaka anakufa nikimwambia mama yangu kachanganyikiwa."