Nilipiga Marufuku Salamu Kiwandani

Kwa siku kumi na tatu, kwenye kiwanda kimoja cha kukamua alizeti pale Bagara, Babati, watu kumi na mmoja walifanya kazi pamoja bila mmoja kumsalimia mwenzake.

Si shikamoo, si mambo, si habari za nyumbani.

Hawakuwa wamegombana. Hakuna aliyerogwa. Kulikuwa na tangazo mlangoni, na aliyelibandika ni mimi.

Naitwa Brayson. Msinitukane bado, subirini nimalize, halafu mtanitukana kwa mpangilio.

Mwaka jana ndio nilipata kazi pale, meneja. Kabla ya hapo nilikuwa nimesota mtaani mwaka na nusu na stashahada yangu ya uongozi, wazazi wako Moshi, mimi nalala sebuleni kwa dada yangu Arusha. Shemeji alikuwa hasemi kitu. Ila kila akitaka kuangalia taarifa ya habari ilibidi kwanza anisogeze miguu.

Mwenye kiwanda ni Mama Jesse, mjane, anaishi Arusha na huja Babati mara moja kwa mwezi. Alinipa miezi mitatu ya majaribio. Nikifaa, napata barua ya kuthibitishwa kazini. Nisipofaa, narudi kwa shemeji.

Sasa mnielewe. Ile barua niliitaka kuliko kitu chochote duniani.

Wiki za mwanzo nilikaa kimya nikisoma mchezo. Watu wanaingia saa moja na nusu asubuhi, kamili kabisa. Lakini mashine inawashwa saa mbili na dakika nne.

Katikati hapo wanafanya nini?

Wanasalimiana.

Kinara wao ni Mzee Yoakimu, fundi wa mashine. Umri kama sitini hivi, Mwiraqw wa Dareda, nyumba yake ipo Singe. Anavua kofia, anapita kwa kila mtu, mmoja mmoja. Habari za kwako. Watoto wameamkaje. Mahindi yamefikia wapi. Yule ng'ombe ameshazaa. Wewe mwenyewe umelalaje. Anauliza, anasimama, anasikiliza, hana haraka ya kwenda popote.

Akimaliza wote kumi, anaanza kupangua kazi. Wewe leo usikae kwenye mashine, nenda kashone viroba vya mashudu. Wewe njoo huku. Haniulizi mimi meneja, wala haangalii upande niliposimama.

Nilitoa simu nikapima. Dakika thelathini na nne. Zidisha kwa siku sita, unapata zaidi ya saa tatu kila wiki, zote zimeishia kwa ng'ombe wa watu.

Kesho yake nikabandika karatasi, herufi kubwa:

MAZUNGUMZO YOTE YASIYO YA KAZI, PAMOJA NA SALAMU, NI MARUFUKU KUANZIA GETINI. KILA MTU ABAKI KWENYE NAFASI YAKE. MENEJA.

Gaudiosa, ambaye wote wanamwita Mama Hope, yule anayejaza na kufunga madumu ya mafuta, alilisoma mara mbili. Akaniuliza kama limetoka kwa mama mwenyewe. Nikamjibu limetoka ofisini. Sikudanganya. Ofisi ni meza yangu.

Mzee Yoakimu naye akasoma, taratibu, kofia mkononi. Akaivaa, akaenda kuwasha mashine. Nami nikahesabu huo ni ushindi.

Na kweli bwana, kazi ilipanda. Tulikuwa tunatoa madumu arobaini kwa siku, tukafika arobaini na sita. Nikamwandikia Mama Jesse kwamba nimeondoa upotevu wa muda wa asubuhi. Akajibu "Hongera" na dole gumba.

Nilivimba. Jioni ile nilipita Maisaka, nilikopanga chumba, nikajinunulia chipsi kuku na kujipongeza mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Tatizo dogo lilikuwa kimya. Watu waliingia kama wanaingia chumba cha mtihani. Kengele ya kutoka ikilia kila mtu anashika njia yake, hakuna kusubiriana. Siku ya nne niliingia mimi, nikapita katikati yao hadi ofisini, na hakuna aliyeinua kichwa.

Nikasema sawa, amri ni amri. Nikakaa mezani, nikafungua droo, nikatafuta kalamu niliyokuwa nimeishika mkononi.

Basi, ikafika siku ya kumi na tatu, Alhamisi, kama saa nne asubuhi.

Nilikuwa mlangoni nahesabu viroba. Mzee Yoakimu alikuwa kwenye mashine anamimina alizeti. Nikamwona anayumba. Akayumba tena. Akanyoosha mkono atafute pa kushika, na kilichokuwa karibu ni mkanda wa mashine, unazunguka.

Mimi niliganda. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Gaudiosa hakuganda. Aliachia dumu, akarukia swichi kubwa. Mashine ikazimika na mkanda ukasimama ukiwa umeuma mkono wa shati la mzee, umelichana mpaka begani.

Mkono wenyewe ulibaki mzima. Ilikuwa imebaki shibiri moja.

Tukamtoa nje, tukamkalisha kwenye benchi. Gaudiosa akaleta chai yenye sukari nyingi, akachuchumaa mbele yake. Halafu, huku mimi nimesimama palepale, akavunja amri yangu.

"Baba, habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na mama je?"

"Yupo."

"Unalala vizuri?"

"Vizuri tu."

Gaudiosa hakuondoka. Alikaa vilevile, ameshika kikombe, anamwangalia.

"Ila mama yenu amelazwa," akasema Mzee Yoakimu. "Presha. Leo siku ya kumi na moja."

Siku kumi na moja. Mzee analala kwenye benchi la hospitali, alfajiri anampikia mkewe uji, anamwosha, anakuja kufungua kiwanda, kengele ikilia anakimbia kurudi. Tangu jana yake mchana hakuwa ametia kitu tumboni. Na watu kumi anaofanya nao kazi, hakuna aliyejua.

Mimi nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Aliniangalia bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma.

"Mwanangu, mtu hatangazi shida zake kama yuko mnadani," akasema. "Huwa anaulizwa."

Nilirudi ofisini, nikaanza kumwandikia Mama Jesse taarifa. Nikaandika hivi: tumepata hitilafu ndogo, shati la mfanyakazi mmoja limechanika. Nikaisoma. Kila neno lilikuwa kweli. Nilitamani kuituma, wallahi nilitamani, maana nilikuwa nimebakiza wiki tatu tu barua yangu itoke.

Nikaifuta, nikapiga simu nikasema yote.

Mama Jesse aliniuliza kitu kimoja tu. Asubuhi ile, Yoakimu alipita kwa watu?

Nikamweleza habari ya tangazo na zile dakika thelathini na nne.

"Nakuja kesho," akasema.

Jioni ile wafanyakazi wote waliondoka pamoja kwenda hospitali, wamebeba chupa za chai na hotpoti. Kufikia asubuhi walikuwa wameshapangiana zamu za kupeleka chakula na za kulala kule. Mimi hawakuniambia. Niliwaona wakitoka getini, na sikuwa na cha kulalamika.

Ijumaa Mama Jesse akatia timu. Alisalimia mtu mmoja mmoja, kwa urefu uleule wa Mzee Yoakimu, halafu akaingia ofisini na tangazo langu mkononi. Alikuwa amelibandua vizuri bila kulichana. Akaliweka mezani, akakaa.

Ndipo akanisimulia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mumewe akiwa hai, walikuwa na kijana wa kazi mmoja anaitwa Melkiori. Melkiori alizika mtoto wake Jumanne. Jumatano akaja kazini. Wakamuuliza habari, akasema nzuri, wakawasha mashine. Kabla ya saa sita vidole vitatu vya Melkiori havikuwepo. Aliyezima mashine siku ile ni Yoakimu.

"Tangu hapo," akasema Mama Jesse, "kazi ya kwanza ya Yoakimu kila asubuhi si mashine, ni watu. Unadhani pale anapiga soga? Anakagua. Nani hajalala, nani ameuguliwa, nani amekunywa. Mtu wa namna hiyo hamweki karibu na mkanda, anampeleka akashone viroba. Mtu wetu ukimuuliza habari atakuambia nzuri hata kama nyumba inaungua. Inabidi uulize tena, na tena, mpaka afike kwenye 'ila'. Hiyo ila ndiyo tunayoitafuta kwa dakika thelathini na nne."

Nilimuuliza kwa nini wenzangu hawakuniambia.

"Walidhani nimeagiza mimi. Kukueleza ilikuwa kazi yangu na sikuifanya, hilo nalibeba mwenyewe. Ila na wewe ulipima kitu kabla ya kuuliza ni kitu gani."

Nilikuwa nimeshapanga begi langu kichwani. Nilikuwa nimeshafika Arusha, nimejinyoosha sebuleni.

Lakini hakunifukuza. Alisema Mzee Yoakimu anapumzika wiki mbili na mshahara wake uko palepale. Na hizo wiki mbili, atakayepita kwa watu asubuhi ni mimi.

"Na barua yako siamui mimi," akamalizia. "Yoakimu akirudi, yeye ndiye ataniambia."

Jumatatu nikapita. Nilimaliza watu wote kwa dakika sita, na wote walikuwa "nzuri". Gaudiosa akaniambia kwa heshima zote kwamba nasalimia kama msoma mita za maji.

Jumanne nikajaribu kusimama. Jumatano nikaulizia ng'ombe, kumbe yule mtu hana ng'ombe. Alhamisi, Sadock wa kwenye magunia akanijibu nzuri, nzuri, salama, halafu akasita kidogo. Ila jino, akasema. Siku ya pili hajafumba jicho.

Nikamtoa kwenye mashine, nikampa sindano ya viroba. Sijawahi kufurahia jino la mtu namna ile.

Jumapili nilinunua machungwa nikaenda hospitali. Mke wa Mzee Yoakimu, Mama Romana, alikuwa ameshaweza kukaa kitandani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye meneja.

"Aa," akasema. "Wewe ndiye wa tangazo."

Nikasema ndimi. Akanimenyea chungwa.

Wiki mbili zikaisha. Mama Romana akarudishwa nyumbani Singe, na mzee akarudi kazini, wiki ileile ya mwisho ya majaribio yangu.

Alivua kofia, akapita kwa wote kumi. Mimi nimesimama pembeni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Alipomaliza, hakwenda kwenye mashine. Akaja kwangu.

Miezi karibu mitatu niko pale, sikuwahi kuwa kwenye mzunguko wake.

"Habari za kwako, mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Nzuri."

"Wazazi, kule Moshi?"

"Wazima."

"Umelalaje?"

"Vizuri."

Akabaki amesimama. Kofia mkononi, kimya, ananiangalia. Nilijua kabisa anachokifanya. Nilikuwa nimekifanya mwenyewe wiki mbili mfululizo. Haikunisaidia chochote.

"Ila silali," nikasema. "Nikifumba macho naona shati lako. Na Ijumaa sijui kama nina kazi, na nikirudi kwa dada sijui nitamwambia nini."

Meneja mzima, na stashahada yake, analia katikati ya mashudu mbele ya wafanyakazi kumi na mmoja.

Mzee Yoakimu akawageukia wenzake.

"Huyu leo asipewe kazi kubwa," akasema. "Mpeni sindano."

Nikajua yameisha. Mzee amenipima mbele za watu, ameniona sifai.

Nilishona viroba kutwa nzima. Nilishona arobaini, vingine mshono umepinda hadi Sadock akawa ananifumulia kimyakimya na kurudia. Hakuna aliyenicheka. Mchana Gaudiosa aliniwekea makande kwenye bakuli bila kuniuliza kama nina njaa.

Saa kumi simu ikaita. Mama Jesse.

Akasema ameongea na Yoakimu. Nikamuuliza amesemaje.

"Amesema leo amekupeleka kwenye viroba."

"Ndiyo mama."

"Basi barua yako naileta Ijumaa."

Nikamwambia sijaelewa.

"Brayson, huyo mzee nafanya naye kazi miaka kumi na tisa. Mtu asiyemtaka hapa hampi kazi nyepesi. Humwacha aende zake."

Nilikata simu, nikarudi kukaa kwenye viroba vyangu, nikamalizia kulia.

Siku hizi tunatoa madumu arobaini na moja, siku nyingine arobaini na mbili. Mama Jesse hajawahi kuniuliza yale mengine yako wapi.

Kama unaongoza watu, iwe ofisini, dukani, shambani au kwenye saluni ya viti viwili, nakuachia hili moja nililojifunza kwa mkono wa shati la mtu mwingine. Waulize habari zao kila siku. Na wakishakujibu "nzuri", usiondoke.