Siku Dada Alipoomba Kazi Kwetu

Wazazi wetu walituachia ploti moja Nakuru, karibu na Bondeni: vyumba vya kupangisha vilivyotazamana, bomba moja uani na geti la bluu linalopiga kelele hata ukilifungua kwa adabu. Sisi watoto tuko watatu. Kaka yetu ana hoteli Salgaa, anawapikia madereva wa malori. Mimi niko Naivasha, ofisini kwenye shamba la maua. Dada yetu mkubwa ndiye aliyebaki pale, katika chumba cha kwanza karibu na geti.

Kodi tuligawana sawa kwa sawa, tukajiona watu wa haki kweli kweli. Fundi wa bomba tulimlipa. Mlinzi tulimlipa, na mzoa taka pia. Dada ndiye aliyewatafuta hao wote, akawasimamia na kugombana nao inapobidi. Ndiye aliyewaonyesha wapangaji wapya vyumba, akaamua nani amemaliza maji ya nani na kubisha milango ya wanaojifanya hawako. Kwa hayo yote tulimpelekea vitu: sukari, unga, mafuta ya kupikia. Hivyo ndivyo kwetu mtu wa nyumbani anavyoshukuriwa. Kumpa dada yako mshahara? Ungeonekana umemfanya kibarua.

Ile mizigo tuliipanga juu ya cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo, tena hodari, lakini kila akikaa kushona mtu alimwita getini, mwisho akaifunika kitambaa. Nasi tukaona tumepata meza.

Jumapili moja tulikutana pale kupanga mambo ya kupaka rangi. Kaka akaweka sukari yake juu ya cherehani kama kawaida. Dada akaitazama, kisha akatutazama sisi.

"Nifuteni kazi," akasema.

Kaka akacheka. "Kazi gani? Si hii ploti ni yako pia? Si unapata share yako?"

"Hiyo share ni baba aliniachia. Hata nyinyi mnaipata na mmekaa tu. Ya jasho yangu iko wapi?"

Mimi nikaanza kusema habari ya familia na upendo, maneno matamu ya mtu asiyewahi kuzibua mtaro wa ile ploti. Akanikata.

"Mtu wa nje mnamlipa. Basi nifuteni, nikuje kama mtu wa nje."

Alitoa funguo zote mfukoni, akazitia mkononi mwa kaka, akachukua mkoba wake, akatoka nje na kulifunga geti. Tukabaki tumekodoa macho. Halafu tukasikia hodi.

Kaka alifungua. Dada amesimama pale na nguo alizotoka nazo kanisani, mkoba kwapani, uso mkavu kabisa.

"Habari yenu. Nimeskia mnatafuta ajenti wa kusimamia ploti."

Nampenda huyu dada. Siku hiyo nilimpenda mpaka nikaogopa kucheka. Kaka, ambaye hawezi kuuacha mchezo umpite, akajikohoza. "Una uzoefu, mathe?"

"Niko nao."

"Kuna mtu anakujua?"

Mama mmoja mpangaji aliyekuwa akifua pale bombani akadakia, mikono imejaa povu: "Huyo mpeni kazi! Mkimkataa, sisi tunahama!"

Dada akataja masharti yake. Alitaka asilimia kumi ya kodi, kama ajenti yeyote wa mjini, itolewe kabla ya mgao. Jumapili awe huru. Kaka, mfanyabiashara hadi kwenye kucha, akasema nane. Dada hakubishana. Alimwambia, "Sawa boss, tafuteni mwingine," akageuka kwenda zake. Naye hakuwa akiigiza tena. Niliona anatembea bila kuangalia nyuma, nikaelewa kwamba angeenda kweli, tungebaki na ploti bila dada.

"Kumi!" nikapiga kelele. "Kumi, na Jumapili yako!"

Kaka akamrudishia funguo. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaenda kuitoa ile sukari juu ya cherehani, akaiweka sakafuni.

Mwezi ulipoisha alilipwa. Jumapili iliyofuata nilisikia hodi kwangu Naivasha, nikamkuta mlangoni akihema, mfuko mzito kila mkono. Alikuwa ameniletea sukari, unga na mafuta ya kupikia.

"Mbona umejisumbua hivi, dada?"

"Nimekuletea zawadi," akasema. "Zile zenu zilikuwa mshahara, ni vile mlikuwa mnaona haya kuuita hivyo. Hii ndio zawadi."

Niliipokea kwa mikono miwili.